MKATABA KAZINI, NA NYUMBANI JE?



Katika gazeti letu hili twasoma kila mara habari za mishahara, za likizo, za nyumba za kazini na za wakubwa wasiotimiza maneno yao. Habari hizo ni njema na ziendelee. Lakini leo naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo jingine linalokula mshahara wa mfanya kazi taratibu kama mchwa alavyo nguzo, wala hatulisemi katika mikutano yetu. Jambo hilo ni kontrakta wa nyumba.

Sisemi habari za tajiri anayejenga ghorofa mjini. Huyo ana mawakili wake. Nasema habari za mwanachama wa kawaida mwenye nyumba ya zamani kwao, labda ya udongo na mabati yaliyokwisha kutu, au vyumba viwili alivyoanza akiwa kijana. Sasa ataka kuitengeneza upya. Ataka kuondoa paa bovu, kusimamisha kuta za mawe, kuongeza vyumba kwa kuwa watoto wamekua, kuingiza maji na stima. Huyo ndiye anayeliwa.

Tufikiri kidogo. Mwajiri akitaka kubadili saa za kazi bila kupatana na chama, twasimama wote. Twataka karatasi. Twataka tarehe. Twataka sahihi za pande mbili. Hata neno moja likiondolewa katika mkataba wetu twaliona, na viongozi wetu hawalali mpaka lirudishwe. Lakini mwanachama yule yule akienda nyumbani likizo, humtumia kontrakta shilingi 200,000 kwa M-Pesa wakiwa wamesimama njiani, bila karatasi, bila shahidi, bila kujua kazi itaisha mwezi gani. Nauliza: kwa nini tuwe wakali kwa mwajiri anayetupa pesa, halafu tuwe kondoo kwa mtu tunayempa pesa sisi wenyewe?

PESA HIZO NI ZA NAMNA GANI

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi ya misheni, na hesabu niliyofundishwa pale ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kwa habari hii hesabu hiyo yatosha.

Mfanya kazi hana pesa ya kutengeneza nyumba mfukoni. Huenda chama cha akiba na mikopo. Tuseme amepewa shilingi 600,000 za kulipa kwa miezi 48, kwa faida ya shilingi 1 katika kila 100 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Kila mwezi atakatwa karibu shilingi 15,800, na mwisho wa miaka minne atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 750,000. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema makato yote ya mfanya kazi yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Wengi wetu tuko karibu na mpaka huo. Maana yake ni kwamba pesa hizo zikipotea, hakuna mkopo mwingine wa kuziba pengo kwa miaka minne.

Tena tukumbuke sisi watu wa reli tunavyokaa. Tangu njia ilipofika Nairobi katika 1899, mfanya kazi wa reli amezoea kulala katika nyumba ya kazi. Nyumba ile si yake. Siku ya kustaafu ufunguo hurudishwa, na mtu hushika njia ya kwao. Basi nyumba ya kwao ndiyo pensheni ya pili. Ikiharibika, mzee hana mahali pa kuweka kichwa chake.

MFANO MMOJA

Ndugu mmoja wa idara ya njia alitaka kuitengeneza nyumba ya mama yake. Sitamtaja jina, wala sitamtaja kontrakta. Kontrakta aliitazama nyumba dakika 20, akasema kazi yote, pamoja na vifaa, ni shilingi 550,000, naye ataka 350,000 za kuanzia. Akapewa. Wiki ya kwanza aliezua paa lote, akayachukua mabati ya zamani kwa kusema kwamba hayafai. Akachimba msingi, akainua mawe mpaka chini ya madirisha. Halafu akaja siku mbili kwa wiki, baadaye siku moja. Mwisho simu yake haikupokewa tena.

Hayo yalikuwa mwezi wa Machi. Mwezi wa Aprili mvua ya masika ikaja juu ya nyumba isiyo na paa. Kuta za udongo za zamani, ambazo zilikusudiwa kubaki upande wa jikoni, zikalainika na kuanguka. Mama akalala katika jiko la jirani mpaka mwezi wa Julai. Juu ya hayo, vibarua sita walikwenda kwa mama huyo kudai mishahara ya wiki tatu, kwa kuwa kontrakta hakuwalipa. Na ndugu yetu, mvua inyeshe au jua liwake, hukatwa zile shilingi 15,800 zake kila mwezi.

Watu walipoisikia habari hiyo walisema kontrakta yule ni mwizi. Labda ni kweli. Lakini mimi naona neno "mwizi" latuzuia kufikiri. Makontrakta wengi wadogo si wezi wa kuzaliwa. Ni watu wasio na mtaji. Akipata pesa za kuanzia kwako, huzitumia kumaliza nyumba ya mtu aliyemlipa kabla yako, kwa maana huyo amekwisha kuanza kelele. Ya kumaliza nyumba yako atayapata kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipopatikana, wewe ndiwe unayebaki bila paa. Sisi watu wa reli twaujua mwendo huo. Ni kama kuingiza treni ya pili katika sehemu moja ya njia kabla ya ile ya kwanza kutoka. Haihitaji dereva mwovu ili pawe na ajali. Yatosha kwamba hakuna aliyeuliza kama njia ni wazi.

Dereva wetu haondoki stesheni bila kibali cha njia, hata kama amefahamiana na stesheni masta kwa miaka 20. Kibali si alama ya kumdharau stesheni masta. Ni kinga ya wote. Vivyo hivyo shilingi zako zisiondoke mpaka kazi iliyo mbele yake iwe imekwisha na kuonekana kwa macho.

KARATASI IANDIKWE NINI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi ya mapatano haihitaji Kiingereza wala maneno ya wakili. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, nakala mbili, mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Ndani yake yawemo mambo haya:

1. Jina la kontrakta kama lilivyo katika kitambulisho, namba ya kitambulisho, na mahali anapokaa. Namba ya simu peke yake si mahali. Simu huzimwa.

2. Kazi yenyewe, chumba kwa chumba. Usiandike "kutengeneza nyumba". Andika vyumba vingapi, upana na urefu kwa futi, mawe ya namna gani, mabati ya geji gani, milango mingapi, madirisha mangapi, na nani atapiga lipu na rangi.

3. Bei ya kazi ya mikono mbali, na ya vifaa mbali.

4. Siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na nini kitafanyika siku zikipita.

5. Nyongeza yoyote iandikwe na bei yake ipatanwe kabla ya kazi kufanywa. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mwenye nyumba apita jioni, asema, "Hebu sogeza mlango huu upande ule." Kontrakta ajibu, "Hakuna taabu." Mwisho wa mwezi taabu hiyo yaja ikiwa shilingi 25,000.

6. Ni nani anayechukua dhamana kibarua akianguka toka jukwaani. Sheria ya Fidia kwa Kuumia Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Muulize kontrakta bima yake kabla mtu hajavunjika mguu.

Tena umuulize cheti. Sheria ya 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile iitwayo NCA, na kontrakta ni lazima aandikishwe huko. Kuna madaraja 8, la 1 ni la makampuni makubwa na la 8 ni la chini kabisa. Mamlaka hiyo huwaandikisha pia mafundi na wasimamizi wa kazi. Ombi la kuona cheti cha mwaka huu si matusi. Fundi wa stima naye awe na leseni ya EPRA, kwa kuwa waya mbaya huchoma nyumba na waliolala ndani. Na kabla ya kuongeza vyumba, pita ofisi ya mipango ya kaunti uulize habari ya kibali. Sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi imeweka jambo hilo mikononi mwa kaunti, na ukuta uliojengwa bila ruhusa waweza kuamriwa uvunjwe kwa gharama yako.

MALIPO YAFUATE KAZI

Vifaa nunua mwenyewe, au mtume mtu wako, na risiti ziwe kwa jina lako. Ukifanya hivyo kontrakta hana sababu ya kudai pesa nyingi za kuanzia, maana hanunui kitu. Kilichobaki ni kazi ya mikono. Tuseme kazi hiyo ni shilingi 200,000. Mimi ningeigawanya hivi:

Siku ya kuingia kazini: 20,000.
Msingi na sakafu ya chini kwisha: 40,000.
Kuta kufika linta, na linta kumiminwa: 40,000.
Paa kukamilika: 40,000.
Lipu, milango, madirisha na maji: 40,000.
Zinazobaki mkononi mwako: 20,000.

Hizo 20,000 za mwisho si za kumdhulumu mtu. Katika kandarasi kubwa za serikali na za makampuni, mwenye kazi huzuia shilingi 5 au 10 katika kila 100 kwa muda, mara nyingi miezi 6, ili nyufa na mivujo ionekane na irekebishwe. Kama makampuni makubwa yakubali desturi hiyo, kwa nini fundi wa kijijini aikatae? Mapatano yaseme wazi: paa lipite mvua moja bila kuvuja, nawe ulipe siku ile ile. Usimzungushe mtu aliyetimiza kazi yake. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili.

KUTAZAMA VIFAA

Mtu wa karakana anajua kwamba chuma hakipimwi kwa maneno. Na haya yapimwe.

Nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 890 kwa kila mita. Kipande kizima cha mita 12 kiwe karibu kilo 10 na nusu. Ukikuta kilo 8, hiyo si nondo ya milimita 12 hata kama imeandikwa hivyo. Mizani ya duka la mahindi yatosha kukuonyesha.

Mabati, kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Umelipia 30, usipokee 32. Soma maandishi juu ya bati kabla halijapanda juu, kwa maana likishapigiliwa misumari hakuna atakayepanda kulisoma.

Mchanga, tia katika chupa ya kioo pamoja na maji, tikisa, uache utulie kwa saa chache. Udongo utakaa juu ya mchanga. Ukiona tabaka la udongo ni nene, rudisha lori. Simiti haishiki udongo.

Simiti, mfuko mmoja ni kilo 50. Hesabu mifuko asubuhi na jioni. Zege ya kawaida ya sakafu ni karai 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Fundi akitia mchanga 4 na kokoto 8, mifuko yako imekwenda mahali pengine. Na zege iliyomiminwa inyweshwe maji kila siku si chini ya siku 7. Mbao zilizoishika linta zisiondolewe kwa haraka kabla ya siku 14, na kwa boriti ndefu afadhali 21. Kontrakta anayeziondoa siku ya tatu ili akazitumie kwingine anaazima roho za watoto wako.

Hilo si neno la kutisha bure. Tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, na watu karibu 50 wakafa. Wengi wao walikuwa wapangaji, watu wa mshahara kama sisi. Nyumba mbaya haichagui.

NYUMBA YA ZAMANI INA MAMBO YAKE

Kutengeneza nyumba ya zamani ni kugumu kuliko kuanza mpya, na hapo makontrakta wengi hukisia tu. Kwanza, msingi wa nyumba ya udongo haukuchimbwa kwa ajili ya ukuta wa mawe. Chimba shimo moja kando ya ukuta uutazame kabla ya kupatana bei. Kontrakta anayetaja bei kabla ya kuona msingi ataiongeza baadaye, au atajenga juu ya udongo. Watu wa misheni twakumbuka habari ya yule aliyejenga juu ya mchanga.

Pili, paa lisiezuliwe mpaka mawe, mbao na mabati mapya yawe yamefika na kuhesabiwa. Kama nyumba yaweza kutengenezwa nusu kwa nusu, ifanywe hivyo, ili watu wawe na chumba cha kulala. Hili ni jambo la kwanza kuliandika katika karatasi, maana paa likishatoka nguvu yote huwa kwa kontrakta. Anajua huwezi kumfukuza ukiwa huna pa kulala.

Tatu, vitu vya zamani ni vyako. Mabati, milango, mbao na mawe vihesabiwe na viandikwe. Bati kuukuu huezeka banda la kuku.

Nne, tazama kalenda. Mwenye kuanza mwezi wa Machi ashindana na masika. Afadhali Januari, au baada ya mwezi wa Juni, kulingana na mvua za upande wenu.

VIBARUA NI NDUGU ZETU

Sasa nafika kwenye neno ambalo huenda wengine wasilipende. Siku unapompa kontrakta kazi, wewe mwanachama umekuwa tajiri wa kazi. Kuna mtu aliyebeba mawe yako mgongoni tangu saa moja asubuhi, naye ana watoto. Hana chama. Hana barua. Analipwa jioni au halipwi.

Tumeona wanachama, hodari kabisa katika mikutano ya chama, wanaosema, "Hayo ya vibarua ni ya kontrakta, mimi simo." Maneno hayo tumeyasikia wapi? Ndiyo maneno ya makampuni yanayowapa wengine kandarasi ili wasiulizwe habari za mishahara. Tukiyakataa kazini, tusiyaseme nyumbani.

Kwa hiyo katika ile karatasi liongezwe neno la 7: hakuna malipo ya hatua inayofuata mpaka vibarua wa hatua iliyokwisha wawe wamelipwa, na waulizwe wenyewe, si kontrakta. Neno hilo lamlinda kibarua, nalo lakulinda wewe. Kibarua aliyelipwa hachukui mfuko wa simiti usiku. Kibarua asiyelipwa atakuja mlangoni kwa mama yako.

Tena tuseme kweli juu ya wenye nyumba. Wako wanaomwita fundi Jumatatu na kuleta mchanga Ijumaa. Wako wanaobadili ramani kila wanapotembelea nyumba ya rafiki. Wako wanaozuia pesa za mtu kwa sababu zimewaishia. Fundi akiwakimbia hao, ni vigumu kumlaumu.

KAZI IKIHARIBIKA

Kwanza sema naye uso kwa uso, mbele ya mashahidi wa ile karatasi. Pili mwandikie barua, utaje kasoro na siku za kuzirekebisha, labda 14. Piga picha za kazi ilivyo, uweke risiti na ujumbe wa M-Pesa. Asiporudi, mwite fundi mwingine aliyesoma apime kazi iliyofanyika na thamani yake, kabla mtu mwingine hajaigusa.

Usishike vifaa vyake kwa nguvu, wala usiwatume vijana wampige. Polisi nao si wakusanya deni. Mahali pa deni ni korti. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwezi wa Aprili 2021, na sasa iko katika miji mingine pia. Yasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, waweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yataka shauri likatwe ndani ya siku 60. Lakini hakimu atauliza, "Mlipatana nini?" Mwenye karatasi atajibu. Asiyekuwa nayo ataanza kueleza habari za kusimama njiani.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, "Fundi wangu ni mtoto wa shangazi, nikimtaka sahihi ataona simwamini." Namjibu kwamba undugu hufa kwa ajili ya pesa zisizoandikwa kuliko kwa ajili ya zilizoandikwa. Wa pili atasema, "Fundi wa kijijini hana cheti cha NCA." Amekosa cheti, lakini ana jina, ana kwao, na ana nyumba alizojenga. Nenda ukazitazame, uwaulize wenyewe kama zinavuja. Kisha umshauri ajiandikishe, maana sheria inamwangalia na yeye. Wa tatu atasema, "Mambo ya nyumba yangu si ya chama." Huyo nitamjibu kwa maombi yangu manne:

Moja, chama kichape karatasi ya mapatano ya ujenzi kwa Kiswahili, itolewe pamoja na gazeti hili.

Mbili, kila tawi liweke daftari la mafundi. Mwanachama aliyemaliza nyumba yake aandike fundi alifanya nini, kwa bei gani, kwa muda gani. Yaandikwe yaliyotendeka tu, si matusi.

Tatu, tunao waashi, maseremala na mafundi wa chuma katika karakana zetu. Watatu wa kila tawi wakubali kumtazamia mwenzao kazi siku ya Jumamosi, kwa nauli na chakula.

Nne, tukiombe chama chetu cha akiba na mikopo kitoe mkopo wa nyumba kwa hatua, si wote kwa siku moja. Hatua ikiisha na kutazamwa na wale watatu, sehemu nyingine itolewe. Kwa njia hiyo na faida tutalipa kidogo, kwa kuwa haikatwi juu ya pesa ambazo hazijatoka.

Hili la nne najua litaleta kelele. Watu watasema ni pesa zetu, kwa nini tutazamwe kama watoto. Ni kweli ni pesa zetu, lakini mdhamini wako naye ni mfanya kazi. Ukishindwa kulipa, makato humfuata yeye, na nyumba ile si yake wala hatalala ndani yake hata usiku mmoja. Ana haki ya kujua kama mawe yamepanda.

Katika mkutano ujao wa tawi nitasimama niyatoe maombi haya manne kama hoja, yapigiwe kura moja moja. Anayeyapinga aje na yaliyo bora, tutayasikiliza. Anayeniunga mkono aje na mwenzake.

Ni mimi ndugu yenu,
MFANYA KAZI WA RELI